Noravank: kanisa nyota tano, safari nyota tatu

Mimi ni fundi uashi, mtu wa Mombasa, kibarua kimenipeleka Dubai. Likizo ya juzi nikakata tiketi ya Yerevan, mji mkuu wa Armenia, kule nikalipia safari ya siku moja hadi Noravank, makao ya kale ya watawa, kilomita 120 hivi kusini. Mwisho wa njia ni korongo jembamba, miamba myekundu imekubana huku na huku, mpaka makanisa yanapochomoza ubavuni mwa mlima.

Kilichonipeleka ni ngazi. Surb Astvatsatsin, kanisa la Mama wa Mungu, lilimalizika 1339, na lina ghorofa mbili: chini kaburi la mabwana wa Orbelian, ukoo uliotawala huko zamani, juu pa kusalia. Ili ufike juu unapandia nje, usoni mwa jengo. Kila kidato ni jiwe lililochomekwa ukutani upande mmoja, upande wa pili unaning'inia hewani, na pa kushika hapana. Ngazi nimezijenga nyingi, ila hizi zilinitoa jasho. Kupanda si neno. Kushuka, nilishuka kinyumenyume kama mgema, pua ukutani. Basi nakshi nikaziona kwa karibu: juu ya mlango wa ghorofani Kristo yuko kati ya Petro na Paulo, wa chini una Maria na Mtoto, malaika Mikaeli na Gabrieli ubavuni. Kazi hii inahusishwa na Momik, mchongaji na mjenzi wa zama hizo, na mkono wake ni mwepesi.

Usiondoke bila kutazama ukumbi wa kanisa la jirani, Surb Karapet. Juu ya mlango Maria ameketi chini, juu ya zulia lenye vishada, kama bibi yangu barazani. Juu zaidi kuna Mungu Baba, macho kama kungu, kichwa cha Adamu mkononi. Na mawe ya misalaba, wenyewe huyaita khachkar, yametobolewatobolewa kama kofia ya vito. Sijui niliyasimamia muda gani, dereva akaanza kupiga honi.

Hapo ndipo nilipokasirika. Makanisani tulipewa dakika 40. Kwenye mvinyo, kijijini Areni, saa nzima na ushei. Mimi sinywi! Nilikaa nje na paka.

Mara nyingine nitakodi teksi yangu mwenyewe. Kuingia ni bure. Vaa raba, kandambili ziache hotelini.