TAHADHARI: Beringi za 7206 za mtandaoni ni 6206 zilizopakwa namba

Mafundi wa Mombasa, mwenye mashine ndogo ya milingi ya kuweka mezani asome hapa kabla hajatuma pesa.

Yangu ilikuja na beringi za 6206 kwenye spindo, ule mhimili unaozungusha kisu. Hizo kazi yake hasa ni kubeba mzigo wa ubavuni. Ukisaga chuma spindo inacheza juu chini na uso wa kazi unatoka mawimbi. Dawa ni 7206, zinazobeba mzigo wa ubavuni na wa juu chini pia. Vipimo ni vile vile, milimita 30 ndani, 62 nje, unene 16, kwa hivyo huchongi kitu. Unazipanga zikielekeana kinyume, unakaza nati, mchezo unaisha.

Basi kuna jamaa anazitangaza mtandaoni, "mzigo wa melini", shilingi 4,500 jozi. Tukakutana Likoni, kwenye foleni ya feri, naye mbio mbio. Nilipotaka kufungua plastiki akanizuia: "Utatia vumbi kwenye grisi, kaka, kafungulie nyumbani." Nami nikaona huyu anajua kazi!

Nyumbani nachana plastiki, naona kile kibati kinachoshika gololi ni vipande viwili vilivyopigwa ribiti. 7206 ya kweli haina kibati hicho. Gololi zake hushikwa na kipande kimoja, kiwe cha shaba, bati au plastiki ngumu, na ukiitazama pete ya nje, bega la upande mmoja limeshuka kuliko mwenzake. Hizi zangu sawasawa pande zote, kama chapati. Nikasugua namba kwa kitambaa chenye thina. 7206 yote ikaja na kitambaa! Chini yake kuna alama za msasa tu. Yaani nimelipa 4,500 kununua kile kile nilichokuwa nakitoa.

Nilimpigia, akaniambia eti namba ni mambo ya kiwanda tu. Mara ya pili hakushika. Sasa amenifungia kabisa.

Tangazo lingali hewani kwa jina jipya, ila picha ni ile ile: beringi mbili juu ya leso nyekundu. Mkikutana naye, fungueni plastiki hapo hapo mbele yake. Akikataa, pandeni feri mrudi.

Na anayejua duka lenye 7206 za kweli hapa mjini anielekeze. Spindo yangu bado iko mezani, imefungwa gazeti.