Seti ya kukarabati kabureta ya Ford 8N: uzoefu wangu

Trekta yangu ni Ford 8N ya mwaka 1949, yenye injini ya petroli ya silinda nne, ambayo niliinunua kutoka kwa mzee jirani yangu hapa Ohio ili nilimie sukuma wiki na managu. Msimu uliopita ilinisumbua sana: asubuhi iliwaka vizuri, lakini baada ya kuvuta plau kwa dakika ishirini ilianza kukohoa, ikapoteza nguvu na kuzimika, na nikiiacha kidogo iliwaka tena kana kwamba haikuwa na ugonjwa wowote. Kila niliyemwuliza aliilaumu kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, nami nikaagiza seti ya kukarabati kabureta ya Marvel-Schebler TSX-241.

Ndani ya seti nilikuta gasketi, sindano ya floti (boya linalodhibiti kiwango cha petroli ndani ya kabureta) na kiti chake, pamoja na skrubu za kurekebishia mchanganyiko. Sindano ilikaa vizuri na petroli iliyokuwa ikidondoka usiku ilikoma. Hata hivyo, gasketi ya upande wa manifoldi (bomba linalopeleka mchanganyiko kwenye silinda) ilikuwa na tundu dogo mno, ikanilazimu kuipanua kwa wembe, na karatasi ya maelekezo ilikuwa mchoro mtupu usio na kipimo hata kimoja. Asiyejua kwamba floti, kabureta ikiwa imepinduliwa, huachiwa nafasi ya takriban milimita 6 kutoka kwenye gasketi, atabahatisha. Vilevile hakuna palipoandikwa kwamba skrubu ya mzunguko wa chini, yaani injini ikizunguka polepole bila mzigo, hudhibiti hewa, kwa hiyo ukiikaza mchanganyiko unakuwa na petroli nyingi zaidi, kinyume na walivyozoea mafundi wengi.

Baada ya ukarabati injini ilitulia vizuri ikiwa haina mzigo, lakini shambani ilizimika vilevile. Hapo ndipo nilipofanya jaribio ambalo ningepaswa kulifanya kabla ya kutoa hata senti moja: nilifungua kizibo cha chini ya kabureta na kukinga petroli kwenye chupa. Trekta hii haina pampu ya mafuta, petroli hushuka kwa uzito wake kutoka kwenye tangi lililo juu ya injini, na mtiririko mzuri hujaza karibu nusu lita kwa dakika mbili. Wa kwangu ulianza kwa nguvu, kisha ukawa matone. Njia hiyo ina vichujio vitatu, kimoja ndani ya tangi, kingine kwenye kikombe cha kukusanyia takataka, na cha tatu kimejificha ndani ya elbo, yaani kiungo cha bomba kilichopinda, inayoingia kwenye kabureta. Hicho cha tatu kilikuwa kimezibwa na kutu, kiasi kwamba hata kabureta mpya kabisa ingeshinda njaa.

Nilipokisafisha, trekta ililima kwa muda wa saa tatu bila kuzimika. Kulibaki kumisi kidogo, yaani injini kuruka mlipuko mara moja moja, nako kulitokana na platini (vipande vinavyofunguka na kufunga umeme wa cheche) zilizokuwa zimekaribiana mno. Kwa distribyuta (kifaa kinachogawa umeme wa cheche) ya mbele kama yangu nafasi kati ya platini ni inchi 0.015, na ni rahisi kuing'oa distribyuta hiyo kwa boliti mbili na kuirekebishia mezani kuliko kujikunja nyuma ya feni.

Seti hii naipa nyota tatu kati ya tano. Jirani mwingine mwenye 8N ameniomba nimwagizie yake, nami nimeongeza elbo yenye chujio kwenye oda, kwa sababu muuzaji huiuza kando.