Mkanda wa kifuani wa kamera: skurubu moja imeniharibia mto mzima

Nyota moja, na hiyo ni kwa ajili ya mikanda ya mabegani, ambayo hailegei hata ikilowa chapachapa.

Shida ni skurubu. Ile ya kukazia kamera ina kichwa cha kushika kwa vidole, kimetokeza upande wa kushoto karibu sentimita 3. Kwa mwendesha baiskeli haina neno. Kwa tenkara, uvuvi wa Kijapani wa ufito na mshipi tu, ni balaa, maana ufito wetu hauna rili ya kukunjia mshipi. Ufito wangu ni mita 3.6, mshipi mita 4, na uzi mwembamba wa kebari (ndoana iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu) mita 1. Mshipi na uzi wake vimeuzidi ufito kwa mita 1.4, kwa hiyo samaki akikaribia unaulaza ufito nyuma, unaudaka mshipi kwa mkono wa kushoto na kuuvuta kidogo kidogo. Ule uliokwisha kuvutwa unaning'inia kifuani, palepale penye skurubu.

Sasa trauti akiona miguu yako hukurupuka upya, na mshipi unatakiwa uteleze vidoleni umfuate. Wangu ulikuwa umejiviringisha kwenye skurubu mara mbili. Uzi ukakatika fundoni. Kwenye video unakiona kitanzi cha rangi ya chungwa kinapanda mbele ya lenzi, kinakaza, kisha kinalegea. Samaki wanne kwa siku moja! Afadhali kijino cha ndoana nilikuwa nimekiminya kwa koleo, wataitema.

Nikamwandikia muuzaji. Akanijibu: "Hicho ni cha baiskeli, soma kabla ya kununua." Nisome nini? Kasha lina picha ya mvuvi amesimama majini hadi magotini!

Kuigeuza itokee kulia haiwezekani, kwa kuwa tundu la nati liko upande mmoja tu. Nimeitoa, nikatia bolti ya M5 yenye kichwa kifupi cha mviringo. Usiikaze kupita kiasi, masikio ya plastiki yanayoshika kamera hupasuka. Na kabla ya kukaza, inua lenzi juu kuliko unavyodhani inafaa: ukipanda mto unainama, na usipoinua utarekodi mabuti na mawe tu. Bizimu nazo nimezizungushia tepu, maana zina meno.

Baada ya hapo, kusema kweli, picha ni tamu. Kamera ya kofiani hucheza kila ukigeuza shingo. Hii imetulia, unauona mkono, mpini, na kebari ikitua pale maji yanapotulia nyuma ya jiwe. Ukitia filta ya polaraizi mng'ao unapungua, unamwona samaki akipanda kutoka chini (kwenye kivuli cha miti itoe, inakula mwanga). Basi, nyota tatu.

Hapana. Bolti nimenunua mimi, tepu nimenunua mimi, na jibu la dharau nimelipokea mimi. Wakate kile kichwa, au watoboe tundu la nati pande zote mbili. Ni milimita chache za plastiki. Nimeitazama tena video ya yule samaki wa nne. Moja.