Uzoefu wangu: kurasa za hitilafu na matengenezo kwenye duka langu la WooCommerce

Nauza madera na vitenge mtandaoni, duka liko kwenye WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, na WooCommerce inayoigeuza kuwa duka, huu mwaka wa nne. Muda wote huo nimehangaika na picha, na rangi, na bei za kutuma mzigo mikoani, ila ule ukurasa mteja anaouona duka likiwa halipo hewani sikuwahi hata siku moja kuufungua niuangalie. Mara ya kwanza kuuona ilikuwa kwenye skrinshoti aliyonitumia mteja wangu wa Dodoma, mama mmoja huwa anachukua doti tano tano anaenda kuuza kazini kwake. Karatasi nyeupe, sentensi moja ya Kiingereza katikati, hakuna jina la duka, hakuna namba ya simu, hakuna kitu. Chini yake kaandika, "Mwanangu umefunga duka? Mbona hukutuaga."

Iliniuma sana ile. Duka halikufungwa jamani, nilikuwa naapdeti plagini tu, zile programu ndogo za kuongezea tovuti kazi! WordPress ikianza kuapdeti inaweka yenyewe kafaili kanaitwa .maintenance kwenye folda kuu, ikimaliza inakafuta, kawaida ni sekunde chache mtu hata hajui, lakini siku ile apdeti ikakwama katikati na kafaili kakabaki. Kama hujui, WordPress inakapuuza kakifikisha dakika 10, ila dakika 10 saa ya watu kutoka kazini ni nyingi, unaweza kuingia kwenye hositingi, kule mafaili ya tovuti yanakotunzwa, ukakafuta kwa mkono. Jina lake linaanza na nukta kwa hiyo lazima kwanza uwashe kuonyesha mafaili yaliyofichwa, mimi nilikatafuta nikaishia kudhani hakapo.

Basi nikanunua plagini ya kurasa za matengenezo, jina sitaji, 80,000 kwa mwaka. Mwanzoni niliipenda kweli. Ina saa inayohesabu kurudi nyuma, picha kubwa nyuma, unabadilisha rangi unavyotaka, dakika 20 nimemaliza. Shida ya kwanza picha ile nzito, mteja mwenye bando la kupima anasubiri ukurasa ufunguke halafu ukifunguka unamwambia hakuna duka. Hiyo ningeivumilia. Ya pili ndiyo iliyonifanya niandike hapa.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Idd nikawasha matengenezo saa 2:15 usiku nipandishe mzigo mpya. Dada mmoja wa Morogoro alikuwa ameshaweka oda saa 2:12, pushi ya malipo imemfikia kwenye simu, akaweka namba ya siri, pesa ikakatwa saa 2:16. Sasa sikilizeni inavyokwenda. Pesa ikishakatwa, mtandao wa malipo unatuma taarifa kwenye anwani fulani ya duka lako kusema oda hii imelipwa, na plagini yangu ilikuwa imefunga milango yote, mtu na mashine. Taarifa ikagonga ikakataliwa. Oda ikabaki "inasubiri malipo". Na WooCommerce ina mpangilio wa kushikilia mzigo kwa oda ambayo haijalipwa, ukiwa hujaugusa ni dakika 60, zikipita inaghairi oda na kurudisha mzigo stoo. Ndicho kilichotokea. Nilipofungua duka saa 4 lile dera lake la zambarau, moja tu lililobaki saizi hiyo, likaonekana lipo, likanunuliwa na mtu mwingine.

Asubuhi dada ananitumia ujumbe wa muamala na swali moja tu, "Dada pesa yangu iko wapi?" Hakunitukana, na hiyo ndiyo ilinitesa zaidi. Jumapili yote nilikuwa Kariakoo natafuta dera la rangi ile, nikalipata jioni, likapanda basi la alfajiri.

Kwa hiyo kama unatumia plagini yoyote ya namna hii, kabla ya kuangalia urembo wake tafuta sehemu ya kuruhusu anwani zisizofungwa, na uweke anwani ya majibu ya malipo, kwenye WooCommerce mara nyingi ina maneno wc-api au wp-json ndani yake, muulize aliyekuunganishia malipo akupe kamili. Ile yangu sehemu hiyo ilikuwepo, imefichwa kwenye ukurasa wa tatu wa mipangilio, hakuna onyo lolote kwamba duka linahitaji. Kitu kinauzwa kwa wenye maduka halafu suala la malipo linawekwa uvunguni, hapo sikukubaliana nao na sikulipia mwaka wa pili.

Fundi wangu wa tovuti ndiye aliyenionyesha kwamba WordPress yenyewe inakubali uweke kurasa zako bure. Unatengeneza faili linaitwa maintenance.php unaliweka ndani ya folda ya wp-content, basi kila ikiapdeti inaonyesha lako badala ya ile karatasi nyeupe. Ukiweka db-error.php linatokea pale hifadhidata, yaani database ya duka, ikigoma, na php-error.php pale msimbo wa tovuti ukiwa na kosa. Hizi kurasa zinatakiwa zisitegemee kitu chochote, maana ikifika db-error.php hifadhidata haipo, kwa hiyo huwezi kuita menyu wala bidhaa wala themu, maandishi na rangi vyote viwe mle mle ndani ya faili. Langu halifiki hata KB 20, linafunguka hata kwenye simu ya mtandao wa kusuasua.

Kitu kimoja usisahau, na mimi nilisahau, ni namba 503, ile ambayo seva inatuma kimya kimya kusema tovuti haipatikani kwa muda tu. Ukurasa wa WordPress wa kawaida unatuma 503 wenyewe pamoja na kusema rudi baada ya sekunde 600, lakini ukiweka faili lako kazi hiyo inakuwa yako, usipoandika http_response_code(503) pale juu kabisa seva inajibu 200, yaani kila kitu shwari, na Google akipita wakati huo anaweza kuchukua "tunapanga mzigo" akadhani ndio ukurasa wako wa bidhaa. Fundi aliliona hilo kabla halijaniletea balaa.

Maneno niliyaandika mara nne. La kwanza lilikuwa la kiofisi, "tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza", nikajiuliza huyu mama wa Dodoma atapata nini hapa. Sasa hivi linasomeka hivi:

"Duka lipo, hatujafunga. Tunaweka mambo sawa, jaribu tena baada ya dakika 10. Kama umeshalipia usilipe tena, pesa yako haijapotea, bonyeza hapa ututumie ujumbe wa muamala WhatsApp."

Hilo la "usilipe tena" ndilo lenye kazi kubwa kuliko yote, kwa sababu mtu akiona ukurasa umekatika baada ya kuweka namba ya siri kitu cha kwanza anachofanya ni kujaribu upya. Linki ya WhatsApp ni ya wa.me, unaweza kuweka na maneno tayari, mteja akibonyeza anakuta "Habari, nimelipia oda na duka halifunguki" yeye anatuma tu.

Ila muelewe, hili faili halitibu lile tatizo la malipo. Kafaili ka .maintenance nako kanafunga kila kitu, hadi wewe mwenyewe huingii kwenye dashibodi. Kwa hiyo naapdeti saa 8 usiku, na kabla sijabonyeza naangalia kwanza kama kuna oda inasubiri malipo, ikiwepo nasubiri. Kwa kazi ndefu kama ya kupandisha mzigo natumia ile hali ya "inakuja hivi karibuni" ya WooCommerce yenyewe, ilikuja 2024, unaweza kufunga kurasa za duka tu na blogu ikabaki wazi. Niliijaribu kwa oda yangu mwenyewe ya 1,000, nikaanza kulipa, nikaiwasha katikati, malipo yakaingia na oda ikabadilika. Jaribu na wewe kwenye duka lako, msiniamini mimi, mifumo ya malipo haifanani.

Ya 404, ule ukurasa unaotokea mtu akifungua linki ya kitu ambacho hakipo tena, ni fupi. Nilikuwa nafuta bidhaa ikiisha, kumbe linki zake bado zipo kwenye posti zangu za Instagram za miezi sita nyuma na watu wanabonyeza. Sifuti tena, naiacha imeandikwa imeisha. Na ukurasa wenyewe wa 404 nimeweka sehemu ya kutafuta, mzigo mpya nane, na linki ya "nitafutie dera hili" inayokuja WhatsApp kwangu. Watu wanaitumia kweli, juzi fundi cherehani wa Tanga kaja kupitia hapo kwa kitenge cha zamani, nilikuwa nacho kipande stoo, akachukua. Kuna wanaoshauri kila 404 uirushe ukurasa wa mwanzo, mimi sipendi, mteja aliyebonyeza dera la zambarau ukimtupa mlangoni haelewi limeenda wapi, na Google nayo inahesabu bado ni ukurasa usiopo.

Plagini ya kulipia naipa 2 kati ya 5, urembo mzuri, malipo hapana. Mafaili ya wp-content 5, ukiwa na mtu wa kukuandikia mistari michache. Hali ya WooCommerce 4, maneno yake yalikuja ya Kiingereza na ilibidi niingie kwenye edita nibadilishe yote. Yule mama wa Dodoma wiki iliyopita alikutana na ukurasa mpya, akanitumia skrinshoti tena, safari hii kaandika "sawa mwanangu nasubiri", na baada ya robo saa oda ikaingia, doti tano.