Sanduku la majaribio ya sayansi kwa watoto: sehemu ya umeme inafaa, ya kemia ina walakini

Sanduku hili, ambalo nililinunua kwa shilingi 48,000 katika duka la vifaa vya shule mjini Mtwara kwa ajili ya mwanangu wa darasa la sita, lina sehemu mbili zisizostahili alama sawa. Sehemu ya umeme na sumaku ni nzuri kwelikweli. Sehemu ya kemia nisingependa mtoto yeyote aifungue akiwa peke yake, na baadhi ya vitu vyake nimeviondoa kabisa.

Katika umeme mna betri mbili za voti 1.5, balbu, swichi, nyaya zenye vibanio, dira na sumaku. Voti 3 haziwezi kumrusha mtu, kwa hiyo mtoto anaweza kukosea na kurudia, alimradi aelewe kwamba soketi ya ukutani yenye voti 230 haihusiki na majaribio haya. Kijitabu kimeacha jambo moja tu: waya ukiunganishwa moja kwa moja kutoka ncha moja ya betri hadi nyingine bila balbu, waya na betri hupata moto kiasi cha kuunguza vidole.

Kwenye kemia, cha kwanza nilichokitoa ni taa ya spiriti. Mwali wa spiriti hauonekani vizuri mchana, na nyumba zetu za huku huachwa madirisha wazi ili upepo wa bahari upite. Mtoto akidhani taa imezimika akaongeza spiriti, mvuke wake hushika moto papo hapo. Mshumaa uliosimamishwa kwenye sahani ya mchanga unatosha kwa majaribio yote ya kupasha moto yaliyomo kijitabuni. Cha pili ni mrututu, yaani salfeti ya shaba ya kukuzia fuwele, uliowekwa kwenye kikopo ambacho mtoto wa miaka mitatu anaweza kukifungua, na maelezo yake yameandikwa kwa lugha ya kigeni. Mrututu ni sumu ukimezwa na hudhuru macho vibaya. Rangi yake ya buluu inapendeza, sikatai, lakini fuwele za chumvi hukua vizuri vilevile na chumvi tunayo tele.

Miwani ya kinga ilikuwa mipana mno kwa uso wa mtoto na iliacha nafasi pembeni, ila muuzaji aliibadilisha bila ubishi. Hata hivyo, kwa nyumba inayotumia maji ya kuchota, ndoo iliyojaa na jagi viwe tayari kabla ya jaribio kuanza, kwa sababu jicho lililoingiwa na kemikali husuuzwa kwa maji safi yanayomiminwa mfululizo kwa dakika zisizopungua 15, ndipo mtoto apelekwe hospitali.

Jaribio la siki na sodiamu bikaboneti halina tatizo likifanywa kwenye bakuli lililo wazi. Katika chupa iliyofungwa kifuniko, gesi ya kabonidayoksaidi hujaa hadi chupa ikapasuka, na onyo hilo limeandikwa kwa herufi ndogo kuliko zote kijitabuni.

Ukurasa wa mwisho ndio ulioniudhi. Unamwalika mtoto abuni mchanganyiko wake mwenyewe kwa vitu vilivyomo nyumbani. Aliyeuandika hakufikiria nyumba ya mkulima wa Newala au Tandahimba, ambamo mfuko wa salfa ya kudhibiti ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, huenda umeegemezwa ukutani. Salfa ikiunguzwa hutoa moshi mkali unaobana kifua, hasa kwa mwenye pumu. Mafuta ya ganda la korosho hubabua ngozi, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kubangua korosho kwa mikono mitupu. Hata mjini, dawa ya klorini ya kutolea madoa ikichanganywa na siki au ndimu hutoa gesi ya klorini, na chooni au jikoni pasipo na dirisha gesi hiyo ni hatari kwa maisha. Ukurasa huo nimeuchana.

Boksi limeandikwa kuwa linafaa kuanzia miaka 8. Kwa upande wa kemia, mimi ningesema 12, tena mtu mzima akiwepo mwanzo hadi mwisho. Duka hilohilo linauza sanduku dogo la umeme peke yake kwa shilingi 22,000, na kwa mwenye watoto wadogo nyumbani hilo ndilo la kuchukua.