Waya wa 2.5 usio na jina, maduka ya Mwanza: usiupeleke kwenye pampu

Rola hili la mita 100 linauzwa katikati ya jiji kwa bei ya chini kuliko nyaya zenye alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Karatasi yake imeandikwa "shaba tupu, 2.5". Si shaba tupu, wala si 2.5.

Anza na uzito. Shaba ya milimita 2.5 za mraba, urefu wa mita 100, ina takribani kilo 2.2 bila plastiki. Rola hili zima, na plastiki yake, halifiki kilo 2. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: wekundu unatoka, ndani ni weupe. Hiyo ni alumini iliyovikwa shaba. Nyuzi ni saba kama inavyotakiwa, ila kila moja ina kipenyo cha milimita 0.55 badala ya 0.67, kwa hiyo eneo halisi la mkato wa waya ni kama milimita 1.7 za mraba.

Ukinzani, yaani jinsi waya unavyozuia umeme kupita, huongezeka waya ukiwa mrefu au mwembamba, na alumini inazidi shaba kwa ukinzani. Shaba halali ya 2.5 haitakiwi kuzidi omu 0.74 kwa mita 100. Huu unafika 1.6 hivi.

Kwenye taa za LED hutaona kitu. Balaa ni pampu. Pampu ya ampea 9 iliyoko ufukweni, mita 60 kutoka nyumbani, tuseme Luchelele, inahesabiwa mita 120 kwa sababu umeme huenda na kurudi. Waya halali unapoteza volti 8. Huu 17 au 18. Wakati wa kuwaka, mota huvuta mara tano ya hapo au zaidi: inanguruma bila kuzunguka, koili zinaungua, na lawama anabebeshwa aliyeuza pampu.

Darini chini ya bati, waya ukifika nyuzijoto 60, ukinzani hupanda asilimia 16 hivi juu ya ule wa nyuzi 20. Tena alumini hulegea chini ya skrubu na kufanya utando unaozuia umeme. Soketi huanza kuyeyuka hapo hapo.

Ukipima ukinzani kwa mita ya kawaida ya umeme (multimeter), gusanisha kwanza ncha zake, kisha utoe namba inayotokea, mara nyingi 0.2 au 0.3, kwenye kipimo cha waya. Usipofanya hivyo, hata shaba nzuri itaonekana mbovu.

Nyota moja. Kwa pampu ya mbali nunua shaba ya 4: kwa mita 60 zile zile inapoteza volti 5 tu. Muuzaji akikukataza kukwangua uzi, nenda duka la pili.