Riwaya za kusikiliza: msomaji kwanza, kitabu baadaye

Riwaya ya sauti inabebwa na anayeisoma. Ndiyo maana mimi naangalia kwanza nani kasoma, halafu ndipo naangalia kitabu chenyewe. Riwaya nzuri iliyosomwa vibaya haisikilizwi ikaisha.

Kipimo changu kwa riwaya za kale za Kiingereza ni Middlemarch ya George Eliot iliyosomwa na Juliet Stevenson, saa 35 hivi. Eliot anaandika sentensi ndefu, wazo limeingia ndani ya wazo, na kwenye karatasi mara nyingi unalazimika kurudi juu kutafuta nani alikuwa anafanya nini. Stevenson anayapitisha maneno ya pembeni kwa sauti nyepesi, kisha anakamata tena hoja palepale ilipoachwa. Sikio linafuata bila kuhangaika. Kwa sisi ambao Kiingereza ni lugha ya pili au ya tatu, msomaji wa namna hiyo anafanya nusu ya kazi ya kuelewa.

Asiyetaka kulipa aende LibriVox, tovuti ya vitabu vya sauti vya bure. Ilianzishwa mwaka 2005, wasomaji wake wanajitolea, na vitabu vyake ni vile tu ambavyo hakimiliki yake imekwisha kwa sheria ya Marekani, kwa hiyo riwaya mpya usizitafute humo. Elewa jinsi rekodi zinavyokaguliwa: mkaguzi anatafuta makosa kama sentensi iliyorudiwa, maneno yaliyorukwa au sauti iliyo chini mno. Lafudhi na mtindo wa kusoma havihukumiwi. Matokeo yake riwaya moja, Pride and Prejudice ya Jane Austen kwa mfano, ina matoleo kadhaa na kila moja lina ladha yake. Kabla ya kupakua, tazama orodha ya sura. Jina moja likijirudia mpaka mwisho, msomaji ni mmoja. Majina yakibadilika, ni usomaji wa kikundi. Kwa Jane Austen nashauri msomaji mmoja bila kusita, kwa sababu utamu wote uko kwenye mazungumzo, na mhusika mkuu Elizabeth Bennet hawezi kubadilika sauti kila baada ya dakika kumi ukaendelea kumwamini.

Kuna riwaya zinazobeba sauti nyingi. Moby-Dick ina sura 135, na nyingi zinasimama zenyewe kama insha kuhusu nyangumi, kamba au rangi nyeupe. Mradi wa Moby-Dick Big Read, uliozinduliwa 2012 huko Plymouth, Uingereza, uligawa sura kwa wasomaji tofauti, Tilda Swinton akifungua, na unasikilizwa bure. Mimi naupenda. Dracula nayo imeundwa kwa shajara, barua na telegramu, kwa hiyo inafaa igawanywe kwa mhusika, siyo kwa sura. Toleo la 2012 la Audible, duka la mtandaoni la vitabu vya sauti, lilifanya hivyo: Alan Cumming ni Seward, Tim Curry ni Van Helsing.

Kabla ya kulipa, piga hesabu ya urefu. Msomaji wa kawaida hupita maneno kati ya 9,000 na 10,500 kwa saa. Great Expectations ya Dickens ina maneno kama 186,000, hivyo rekodi kamili haiwezi kuwa chini sana ya saa 18. Ukiiona ya saa tatu, hiyo imefupishwa, hata kama jalada halisemi wazi. Dickens aliitoa gazetini kwa mafungu 36 ya kila wiki, kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861, na fungu moja likisomwa kwa sauti huchukua kama nusu saa. Ndiyo maana inakaa vizuri sana kwenye safari ya kwenda kazini: imekatwa na mwandishi mwenyewe, na kila fungu linakuachia hamu ya linalofuata. Tafuta mahali mafungu yalipoishia usimame hapo.

Kwa riwaya za Kirusi angalia tafsiri. Rekodi za bure hutumia tafsiri za zamani, za Constance Garnett au Louise na Aylmer Maude. Si mbaya, ila Kiingereza chake ni cha miaka mia iliyopita.

Upande wa riwaya za sasa, Americanah ya Chimamanda Ngozi Adichie iliyosomwa na Adjoa Andoh ni ya kununua. Riwaya yenyewe inahusu watu wanaopimwa kwa namna wanavyozungumza, Lagos, Marekani na Uingereza, na Andoh anazitenganisha lafudhi bila kuzifanyia mzaha. Pale Ifemelu, mhusika mkuu, anapoamua kuacha lafudhi ya Kimarekani, ukurasa unakuarifu tu, rekodi inakusikilizisha. Lincoln in the Bardo ya George Saunders, 2017, ina wasomaji 166, na saa ya kwanza ni ngumu, maana riwaya imeundwa kwa vipande vya nukuu, na hata vyanzo vyake vinasomwa kwa sauti. Zikamate sauti tatu mapema, utavuka: Nick Offerman ni Vollman, David Sedaris ni Bevins, Saunders mwenyewe ni Mchungaji Everly Thomas.

Sasa simu na bando. Faili ya MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde hula megabaiti 29 kwa saa. Ya 128 hula 58. Kwa sauti ya mtu mmoja anayesoma, 64 inatosha kabisa, na riwaya ya saa 20 inakuja megabaiti 580 hivi badala ya 1,150. Pakua yote kwenye Wi-Fi. Usitumie programu ya muziki: nyingi husahau ulipoishia, na kitufe cha kuchanganya nyimbo kikiwa kimewashwa, sura ya 40 inakuja baada ya ya 3. Smart AudioBook Player ya Android hukumbuka sekunde uliyoishia. Faili zikijipanga 1, 10, 11, 2, zibadilishe majina ziwe 001, 002, 010. Programu ikijizima skrini inapofungwa, ingia mipangilio ya betri uiondolee kizuizi.

Kwa Kiingereza cha karne ya 19 anza na kasi ya 0.9, maandishi ya Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni, yakiwa mkononi. LibriVox hutumia zaidi maandishi hayohayo, hivyo neno linafuatana na neno. Sikio likizoea panda hadi 1.0. Zaidi ya 1.25 unapata matukio tu. Ndani ya daladala au matatu mngurumo wa injini humeza sauti nzito, basi usiongeze sauti ukaumiza masikio: fungua ikwalaiza (sehemu ya programu ya kupunguza au kuongeza sauti nzito na nyembamba), punguza chini ya Hz 100, ongeza desibeli 3 kati ya Hz 2,000 na 4,000. Konsonanti zinatoka wazi, na hata msomaji mwenye besi anasikika mpaka kituo cha mwisho.